Msaada: unga wa alumina unatoka wa kijivu, tembe hazijikazi tanuruni

Tanuru_Dom:
Wakuu, habari za Dodoma ni njema. Naombeni ushauri. Natengeneza unga wa alumina (oksidi ya alumini) kwa kuwasha myeyusho: nitrati ya alumini 20 g, urea 14.1 g kama kuni, maji 15 ml, bakuli la 300 ml, tanuru likiwa tayari limefika 500 °C. Mchanganyiko unachemka, unafura, kisha unafuka moshi tu bila mwali. Unga ni wa kijivu. Tembe nilizokandamiza kwa unga huo nimezichoma 1550 °C kwa saa 2, densiti imeishia 3.2 g/cm³ wakati alumina kamili ni 3.98. Nakosea wapi?

MzeeWaSeramiki:
Mkuu, urea imezidi. Hiyo 14.1 g inatoka ukitumia 213 kama uzito wa moli, yaani nitrati isiyo na maji. Ya chupani ina molekuli 9 za maji, uzito wake ni 375. Moli 2 za nitrati zinataka moli 5 za urea, kwa hiyo 20 g zako zinataka urea 8 g tu. Ile ya ziada inakula joto, oksijeni haitoshi, kaboni inabaki. Ukiweka 8 g, povu litajaa bakuli, kisha mwali mweupe utatambaa ndani yake, na ndani ya dakika 5 kazi imekwisha. Utavuna kama 2.7 g, nyeupe. Ukiona moshi wa kahawia, urea imepungua au hukukoroga vizuri. Hizo ni oksidi za nitrojeni, sumu kabisa: fanyia ndani ya dohani (kabati la kuvuta moshi nje).

Fuwele:
Naongezea. Nitrati hii inavuta unyevu, na mvua za Desemba hadi Aprili zinailowesha ukiacha chupa wazi. Hapo hata 8 g za urea zinakuwa nyingi. Ipime: choma 5 g taratibu hadi 1000 °C ndani ya dohani, ikiwa sawa inabaki alumina 0.68 g. Ikibaki chini ya hapo, punguza urea kwa uwiano huohuo.

Kinu24:
Kwa nini asitumie glaisini badala ya urea? Inawaka kirahisi zaidi.

MzeeWaSeramiki:
Kwa alumina hapana. Mara nyingi inatoa unga usio na fuwele, unaotaka kuchomwa tena. Urea ikiwaka vizuri inakupa alfa (fuwele imara ya alumina) moja kwa moja.

Tanuru_Dom:
Asante sana wakuu! Unga ukiwa mweupe, nikandamize tembe hapohapo?

Gololi:
Usithubutu. Povu lile ni mabonge matupu. Kila bonge linajikaza lenyewe na kuacha matundu kati yake na jirani, hata ukiongeza joto. Saga kwa gololi za zirkonia ndani ya ethanoli saa 24 (za chuma zinachafua), kausha, chekecha kwa ungo wa maikroni 75. Changanya gundi ya polivinili alkoholi 1 hadi 2%, kandamiza kama MPa 100. Ukizidisha tembe zinabanduka tabaka. Panda 1 °C kwa dakika hadi 600, gundi iungue polepole. Funika tembe: vumbi letu la upepo lina silika, linaleta kioevu kwenye mipaka ya chembe, na chembe chache zinanenepa ovyo.

Ukitaka kuzuia unene huo, tia magnesia (oksidi ya magnesi) 0.05%. Yeyusha nitrati ya magnesi yenye maji 6, 1.62 g kwenye ml 100. Ml 1 inatosha alumina 5.1 g. Kwa 20 g zako za nitrati, weka ml 0.53 kwenye myeyusho kabla ya kuwasha.