HZSM-5 inachoka baada ya saa 5 na bomba linaziba kwa fuwele nyeupe: tatizo ni nini?

Mwanamaabara

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua zeolaiti (fuwele za silika na alumina zenye vitundu vidogo mno, zinazotumika kama vichocheo). Nageuza methanoli kuwa haidrokaboni za petroli kwa kutumia zeolaiti iitwayo ZSM-5 (HZSM-5 ni umbo lake la asidi). Mpangilio ni huu: bomba la chuma cha pua lenye kipenyo cha ndani cha milimita 8, ndani yake gramu 0.5 za unga wa zeolaiti kama ulivyotoka kwenye kopo, umebanwa juu na chini kwa sufi ya kwatzi. Kopo limeandikwa umbo la amoniamu, SiO2/Al2O3 (uwiano wa silika kwa alumina) = 30. Pampu ya sindano inasukuma methanoli mililita 0.1 kwa dakika pamoja na naitrojeni mililita 20 kwa dakika, presha ya kawaida ya hewa. Tanuri liko nyuzi 370 za Selsiasi na themokapo (waya wa kupimia joto) imefungwa nje ya bomba. Kabla ya kuanza napitisha naitrojeni saa moja kwa nyuzi hizo hizo 370.

Saa mbili za kwanza methanoli haionekani kabisa kwenye kromatografu ya gesi (mashine ya kutenganisha na kupima vilivyomo kwenye gesi). Saa ya tatu inachomoza dimethili etha, na ikifika saa ya tano zaidi ya nusu ya methanoli inapita ilivyoingia. Halafu bomba la kutokea, kabla ya chupa ya kupoza, linaziba kwa fuwele nyeupe. Na mafuta ni machache mno: napata maji tele na tabaka jembamba juu yake.

Kopo ni bovu? Na je, naweza kutumia ethanoli ya molasi badala ya methanoli? Huku Kisumu ndiyo inayopatikana kwa urahisi.

Chekecho_60

Kopo lako ni zima. Anza na hesabu. Mililita 0.1 mara dakika 60 mara 0.79 ni gramu 4.74 za methanoli kwa saa. Gawa kwa gramu 0.5 za kichocheo, unapata 9.5. Kila gramu ya zeolaiti inalishwa gramu tisa na nusu kila saa, wakati kazi yako kwa presha ya hewa inataka 1 hadi 2. Tena methanoli hiyo ikiwa mvuke ni kama mililita 60 kwa dakika, na naitrojeni yako ni 20 tu, kwa hiyo robo tatu ya gesi inayoingia ni methanoli.

Kumezwa kote kwa saa mbili za mwanzo kusikudanganye. Kichocheo hiki hakichoki chote kwa pamoja. Sehemu ya juu hufa kwanza, kisha mstari wa kifo unashuka taratibu kama moto kwenye sigara. Mstari ukiwa bado haujafika chini, kromatografu inakuonesha asilimia 100. Ukifika, unaona anguko la ghafla. Kwa maana hiyo kichocheo chako kilianza kuchoka dakika za mwanzo, ila ulikuwa huna njia ya kuliona hilo.

La pili, unapima zeolaiti ambayo haijawa asidi kamili. Umbo la amoniamu halina kazi mpaka amonia itoke na kuacha protoni kwenye kila alumini ya kimiani (kiunzi cha fuwele). Kwa nyuzi 370 ile iliyoshikwa na asidi kali haitoki yote. Ichome hewani, tanuri la kawaida: panda nyuzi 2 kwa dakika hadi 120, kaa saa moja unyevu uondoke, endelea hadi 550, kaa saa 5. Unga usizidi kina cha sentimita moja kwenye bakuli la kauri. Ukiurundika, maji na amonia hunaswa katikati, na mvuke wa moto huing'oa alumini kwenye kimiani. Ikishang'oka hairudi, na asidi yake imekwenda nayo.

(Kwa atakayesoma baadaye akiwa na umbo la sodiamu: kabla ya kuchoma badilisha ioni kwa amoniamu naitreti ya molari 1, yaani gramu 80 kwa lita, mililita 10 kwa kila gramu ya zeolaiti, nyuzi 80 kwa saa 2, mara tatu, kila mara kwa mmumunyo mpya. Suuza vizuri kwa maji yaliyoondolewa ioni. Amoniamu naitreti ikibaki na kuingia tanurini ni hatari ya kweli.)

Tatu, unga mtupu hauingii kwenye bomba la milimita 8. Gesi hujichimbia njia pembeni na presha hupanda. Kandamiza kwenye kalibu bila gundi, vunja vunja kwenye kinu, chekecha, chukua chembe za maikromita 250 hadi 425. Zilizo ndogo zaidi rudisha kwenye kalibu.

Anza upya hivi: kichocheo gramu 1, methanoli mililita 0.03 kwa dakika, naitrojeni 40. Hapo kila gramu ya kichocheo inalishwa gramu 1.4 kwa saa.

Nne, na hili huwachanganya wengi: 30 iliyoandikwa ni ya SiO2/Al2O3. Kila Al2O3 ina alumini mbili, hivyo Si/Al ni 15. Hapo una vituo vya asidi vipatavyo milimoli 1 kwa gramu, ambavyo ni vingi kwa kazi hii. Vikikaribiana sana, olefini (haidrokaboni zenye kifungo maradufu, kama ethilini) haziwahi kutoka. Zinashikwa tena na tena mpaka zinakuwa aromatiki (zenye pete kama ya benzini), kisha masizi ya kaboni. Tafuta iliyoandikwa 80 (Si/Al 40, kama milimoli 0.4 kwa gramu). Itadumu zaidi.

Fundi wa Riakta

Nakubaliana na Chekecho isipokuwa hilo la mwisho. Usinunue kopo jingine kabla ya kujua joto la ndani ya tabaka. Sasa hivi hulijui.

Mmenyuko huu unatoa takriban kilojuli 1.7 kwa kila gramu ya methanoli. Kwa gramu 4.74 kwa saa ni kama wati 2.2, na zote zinatoka kwenye unga usiofika mililita moja. Themokapo ya nje inasoma tanuri. Ndani, milimita chache za juu zinaweza kuwa nyuzi makumi kadhaa zaidi ya 370, na penye joto zaidi ndipo masizi yanapoanza. Bila kuondoa joto, methanoli safi ingepandisha nyuzi takriban 600. Ndiyo maana kiwanda cha Motunui, New Zealand, kilichoanza mwaka 1985 kutengeneza petroli kwa ZSM-5 ya kampuni ya mafuta ya Mobil, kiliigawa kazi mara mbili. Riakta ya kwanza iligeuza methanoli kuwa mchanganyiko wa dimethili etha, methanoli na maji, ikabeba sehemu ya joto. Ya pili ndiyo iliyokuwa na zeolaiti, na gesi nyepesi zilirudishwa kwa wingi kuizungukia ili zibebe joto lililobaki.

Wewe huhitaji hayo yote. Changanya gramu 1 ya chembe zako na gramu 5 za silikoni kabaidi (chembe ngumu zisizomenyuka, za kutawanya joto) ya ukubwa ule ule. Ukubwa ukitofautiana vinajitenga unapomimina. Tabaka litafika sentimita 9 au 10, kwa hiyo hakikisha sehemu ya tanuri yenye joto sawa inatosha urefu huo: pitisha themokapo sentimita moja moja bomba likiwa na silikoni kabaidi peke yake. Kisha ingiza themokapo nyembamba ya milimita 1.5 katikati ya tabaka lenyewe. Ukianza kulisha, ongezeko lisizidi nyuzi 5. Likizidi, punguza methanoli au ongeza naitrojeni.

Hayo yakiwa sawa na bado kinakufa mapema, basi ndiyo Si/Al 40.

Na jaribu bomba bila zeolaiti, kwa nyuzi 370 hadi 400. Nikeli na chuma vilivyomo kwenye bomba lenyewe huweza kuvunja methanoli kuwa kaboni monoksidi na haidrojeni. Ukiziona hizo mbili bila kichocheo, hamia bomba la kwatzi.

Fuwele79

Fuwele nyeupe karibu hakika ni dureni, benzini yenye methili nne kwenye nafasi 1, 2, 4 na 5. Inayeyuka nyuzi 79, basi bomba lolote lililo chini ya hapo linaigandisha. Kuihakiki ni rahisi: kwangua kidogo, pima inapoyeyuka, yeyusha kwenye toluini uitie kwenye kromatografu.

Inatokea kwa sababu ya umbo la vitundu. Njia za ZSM-5 zina upana wa nanomita 0.55 hivi na dureni ni karibu molekuli kubwa ya mwisho inayoweza kupita. Ndiyo maana petroli ya ZSM-5 inakomea kwenye kaboni 10 au 11 na haina mkia mzito. Huo ndio uzuri wa zeolaiti hii, na dureni ndiyo gharama yake.

Funga waya wa kupasha kuanzia mwisho wa tanuri mpaka shingo ya chupa ya kupoza, uushike nyuzi 130 hadi 150, usiache hata kiungo kimoja wazi. Chupa ya kwanza iwe pana na bomba liishie juu ya kimiminika, lisizame. Dureni yenyewe utaipunguza kwa kufuata ushauri wa hapo juu: methanoli ikiwa nyembamba kwenye gesi, na isipobaki hai mwisho wa tabaka, hakuna cha kuendelea kuzitia methili zailini (benzini zenye methili mbili).

Kuhusu mafuta machache, huibiwi. Methanoli ni CH2 moja na maji: gramu 32 zinatoa 14 za haidrokaboni na 18 za maji. Gramu 100 zikigeuka zote zinakupa 44 na 56. Tena kwa presha ya hewa sehemu kubwa ya hizo 44 ni propilini, butilini na ndugu zao, ambazo barafu haizishiki. Weka chupa mbili mfululizo, ya pili kwenye barafu na chumvi, na gesi inayobaki ipime kwa kromatografu na kipima mtiririko. Jumla ya kaboni isipofika asilimia 95 ya iliyoingia, tafuta panapovuja kabla ya kujadili kichocheo.

Kimiminika hicho kina benzini, na methanoli ni sumu ambayo moto wake hauonekani vizuri mchana. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kuvuta mvuke.

Mwanamaabara

Asanteni sana, nimeelewa. Swali moja: kile cha zamani nilikifufua kwa hewa tupu, nyuzi 550 moja kwa moja, saa 2. Kikawa cheupe kabisa. Lakini mara ya pili kilidumu saa 2 tu. Kwa nini, na masizi yameisha?

Fundi wa Riakta

Masizi yameisha, na alumini nayo imeondoka. Masizi ya ZSM-5 yana haidrojeni, yakiungua yanatoa maji. Hewa tupu ikikutana nayo kwa nyuzi 550, mwako unakuwa mkali, joto la ndani linapita la tanuri, na mvuke huo wa moto unafanya kile alichosema Chekecho kuhusu unga uliorundikwa. Rangi nyeupe inasema tu kwamba kaboni haipo. Vituo vya asidi hesabu kwa kushikisha amonia nyuzi 100, kisha kupandisha joto taratibu ukipima inayotoka. Kilima cha kati ya nyuzi 350 na 450 kikiwa kimepungua ukilinganisha na kipya, hicho usikirudie.

Kipya ukifufue hivi: funga methanoli, pitisha naitrojeni kwa joto la kazi nusu saa. Punguza hadi nyuzi 350, ingiza hewa kavu kidogo ili oksijeni iwe asilimia 2 ya gesi. Panda nyuzi 1 kwa dakika ukiangalia themokapo ya ndani. Ikiruka nyuzi 10 juu ya tanuri, simama hapo mpaka itulie. Ikifika 500, ongeza hewa kwa hatua, maliza kwa 550. Mwisho unajulikana kwa kaboni dioksidi kwenye gesi inayotoka: ikishuka hadi sifuri na kukaa hapo nusu saa, umemaliza. Hewa ipitie kwanza kwenye zeolaiti 4A (ya kukaushia) au silika jeli, unyevu wa kwetu kando ya ziwa si mdogo.

Chekecho_60

Ethanoli ya molasi, ndiyo, na ni kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila ni mmenyuko mwingine. Kwa HZSM-5 chini ya nyuzi 200 hivi unapata zaidi daiethili etha. Kati ya 230 na 300 unapata ethilini, na hatua hiyo inakula joto, kilojuli 45 kwa moli, kwa hiyo themokapo ya ndani itashuka badala ya kupanda. Ongeza tanuri taratibu. Kuanzia 350 ethilini inaungana na kuelekea petroli na aromatiki, na joto linaanza kutoka. Kwa ethilini, gramu 46 za ethanoli zinatoa 28, maji 18.

Ya asilimia 95 inafaa, maji hayo yanapunguza masizi kidogo. Usivuke nyuzi 450 tu. Lakini nunua ile isiyotiwa kitu. Spiriti ya zambarau ya dukani ina rangi, na mara nyingi dawa chungu, vyenye naitrojeni. Vitu hivyo vinang'ang'ania vituo vya asidi, na rangi inabaki kama lami kwenye sehemu ya kuvukizia. Ukiikeneka rangi inabaki chini, ila kama wameitia piridini (besi yenye naitrojeni) itapanda pamoja na ethanoli. Chukua mililita 100, ivukize, uone kinachobaki kwenye bakuli. Kisha chovya karatasi ya litmasi nyekundu kwenye ethanoli iliyoongezwa maji nusu kwa nusu. Ikigeuka bluu, irudishe dukani.