Mjadala: Mgombea mhafidhina Marekani atafute mwenza wa kuongeza kura, au wa kutuliza wa nyumbani?

Mwalimu wa Mikindani

Nauleta hapa mjadala ambao kwenye vijiwe vya kahawa huku Mtwara unazungumzwa nusunusu, ukikatizwa na bei ya korosho. Julai 15, 2024 Donald Trump alimtaja JD Vance kuwa mgombea mwenza wake. Wako wanaosema alipoteza nafasi: seneta wa Ohio, miaka 39, anatoka jimbo ambalo Trump alikwishalishinda mara mbili bila msaada wake, na maneno yake ni yaleyale ya mkubwa wake. Wengine wanasema ndivyo inavyotakiwa, usichukue mtu ambaye hamsemi lugha moja.

Tuanze na hesabu. Anayetaka urais wa Marekani anahitaji kura 270 za wajumbe wa majimbo kati ya 538. Kwa hiyo kila msimu watu hushika ramani na kusema, “Mchukue fulani, atakuletea jimbo lake.” Mwaka 2012 Mitt Romney alimchukua Paul Ryan wa Wisconsin, jimbo lenye kura 10, na Wisconsin ikampigia Obama. John McCain mwaka 2008 alimchukua gavana wa Alaska, Sarah Palin. Alaska ina kura 3 na ilikuwa ya Republican, chama cha wahafidhina, tangu zamani, kwa hiyo huko hakuongeza kitu. Mfano unaotajwa siku zote kuwa ulifaulu ni Lyndon Johnson wa Texas kwa Kennedy mwaka 1960, na yule hakuwa mtu wa jimbo tu, alikuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti nzima.

Jimbo tuliweke pembeni basi. Kinachobaki ni pengo. Ronald Reagan mwaka 1980 alikuwa na wahafidhina wote mfukoni. Hofu ilikuwa kwa watu wa katikati, waliomwona ni mkali mno. Akamchukua George H. W. Bush, ambaye kwenye mchujo aliubeza uchumi wake kuwa ni wa kichawi, wakashinda kwa kura 489. Trump mwaka 2016 hali yake ilikuwa kinyume. Walokole na Wakristo wengine wa kiinjili walimtilia shaka: ndoa tatu, na miaka ya nyuma aliwahi kusema hadharani kwamba anaunga mkono haki ya kutoa mimba. Akamchukua Mike Pence, gavana wa Indiana, mtu wa kanisa. Kanuni yangu ndiyo hiyo. Kama wa nyumbani, yaani wafuasi wa chama chako, wanakuamini, tafuta mtu wa nje. Kama wanakushuku, mlete mtu wao akudhamini.

Bi. Ndanda

Mwalimu, shikamoo. Kanuni nzuri, ila umeruka mwaka mmoja ambao unaivunja. Reagan huyohuyo, 1976. Alikuwa anamfukuzia Rais Gerald Ford ndani ya chama, wajumbe wao wa mkutano mkuu wanakaribiana. Wiki tatu hivi kabla ya mkutano mkuu wa Kansas City akatangaza mwenza wake mapema: Richard Schweiker, seneta wa Pennsylvania mwenye rekodi ya kura za kiliberali. Pengo limezibwa, sivyo? Kilichotokea ni kwamba wahafidhina wa Mississippi, aliokuwa anawahesabu kuwa ni wake, walikasirika wakaegemea kwa Ford. Pennsylvania nako wajumbe wa Ford hawakusogea. Matokeo: Ford 1,187, Reagan 1,070.

Timu yake ilijaribu kujiokoa kwa kuleta kanuni mkutanoni ya kumlazimisha Ford naye amtaje mwenza wake kabla ya kura, ili naye achukize watu fulani. Mkutano ukaikataa.

Kwa hiyo mtu wa nje si kosa, kosa ni saa ya kumleta. Mwaka 1980 alimtaja Bush akiwa amekwishapata uteuzi, wajumbe hawana pa kwenda. Mwaka 1976 alimtaja akiwa bado anaomba kura za watu walewale watakaochukia. Huku kwetu kusini unajua, posa haiendi mjomba hajasema neno. Ukimpeleka bibi harusi kwanza ndipo umuulize mjomba, lawama ni zako.

Wakili wa Lindi

Nyote mmelitupa jimbo haraka mno. Kura halileti, sawa, lakini sheria inalitazama. Marekebisho ya 12 ya Katiba yao, ya mwaka 1804, yanasema wajumbe wa jimbo hawawezi kumpigia rais na makamu wote wawili wakiwa wakazi wa jimbo lao. Angalau mmoja atoke kwingine. Hawakatazwi kugombea pamoja, hapo ndipo wengi wanapokosea. Kinachozuiwa ni kura za wajumbe wa jimbo hilo moja tu.

Tazameni mwaka 2000. George W. Bush alikuwa gavana wa Texas. Dick Cheney alipewa kazi ya kumtafutia mwenza, na mwisho akateuliwa yeye (mshenga kaoa mwenyewe). Tatizo ni kwamba Cheney alikuwa anaishi na kufanya kazi Texas. Julai ile akahamisha usajili wake wa mpiga kura kwenda Wyoming, kwao kisiasa, alikokuwa mbunge. Watu wakafungua kesi, mahakama ikaitupa.

Sasa pigeni hesabu. Bush alipata kura 271. Texas ilikuwa na 32. Kama Cheney angehesabiwa mkazi wa Texas, wajumbe wale wangempa Bush kura zao, Cheney wangemruka. Angebaki na 239, chini ya nusu, na umakamu ungeamuliwa na Seneti. Karatasi moja ya kuhamisha makazi ilibeba umakamu mzima.

Ndiyo sababu mwaka 2024 jina la Marco Rubio lilipotajwa watu walikuna vichwa. Yeye Florida, Trump Florida, jimbo la kura 30. Huwezi kujua Julai kama Novemba kura 30 zitakuwa za ziada au za roho.

Kijana wa Chuno

Wakubwa, heshima zenu. Lakini haya yote kwa kazi gani? Makamu wa Rais wa Marekani si anakaa tu kusubiri simu? Mpiga kura anatazama jina la juu. Mnatafuta chumvi kwenye chai.

Mzee wa Newala

Marahaba, mwanangu. Machi 2021 ulikuwa wapi? Magufuli aliapa Novemba 5, 2020, akafariki Machi 17, 2021, na Machi 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Miezi minne na nusu. Katiba yetu, ibara ya 37, haikuitisha uchaguzi. Aliyekuwa mwenza kwenye karatasi ya kura ndiye aliyepanda, tena kwa muda wote uliobaki. Halafu akapeleka bungeni jina la Philip Mpango, likathibitishwa kwa kura. Wale waliosema 2015 na 2020 kwamba jina la pili ni pambo wamejifunza.

Na huko Marekani makamu ana kazi nyingine ambayo haionekani hadi siku Seneti igawanyike sawa kwa sawa. Julai 1, 2025 muswada mkubwa wa kodi na matumizi wa Trump ulifika 50 kwa 50, Vance akapiga kura ya 51. Muulize aliyeathirika na muswada ule kama ni chumvi kwenye chai.

Kuhusu jimbo, Wakili, kwetu tumelimaliza kwa namna yetu. Ibara ya 47 inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili, na wateuliwe na chama kimoja. Mwaka 1995, mara ya kwanza utaratibu huu kutumika, Benjamin Mkapa wa hapa hapa Masasi alikwenda na Dk. Omar Ali Juma, Mpemba, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Je, Pemba ilikuja na Omar? Viti vya Pemba vilikwenda CUF vyote. Mwenza alitimiza Katiba, nyumbani kwake hakuleta. Ni Ryan na Wisconsin yake, miaka 17 kabla.

Karani wa Masasi

Mnajadili nani achaguliwe, hakuna anayeuliza anachunguzwaje. Wengi huanguka hapo, wahafidhina na waliberali sawasawa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Orodha ndefu hutengenezwa kimya kimya kwa vitu vilivyo wazi tu: hotuba, kura za bungeni, kesi, habari za magazeti. Wahusika hawaambiwi. Ikipunguzwa hadi watu wachache, ndipo wanaombwa ridhaa, na hapo mawakili huingia na dodoso refu: marejesho ya kodi ya miaka kadhaa, madeni, biashara za mwenzi, kesi, matibabu, kila kilichoandikwa au kurekodiwa. Kisha mahojiano ya ana kwa ana, ambayo swali lake la maana ni moja: kuna jambo gani ambalo hatujakuuliza? Mwisho mgombea mwenyewe anakaa naye. Ukianza mapema una miezi. Ukichelewa unaruka hatua, na hatua inayorukwa kwanza huwa ni ile ya matibabu na fedha kwa sababu ndiyo inayoudhi.

George McGovern (mgombea wa Democratic, hakuwa mhafidhina, lakini somo ni la wote) mwaka 1972 alimchagua Thomas Eagleton siku ya mwisho, muda wa mkutano umebana, mazungumzo ya simu. Baadaye ikajulikana Eagleton alilazwa mara tatu kwa sonona na kutibiwa kwa mishtuko ya umeme. Siku 18 baada ya uteuzi akajitoa. Ugonjwa si aibu. Kilichomuua McGovern ni kwamba alisema anamuunga mkono kwa nguvu zote, kisha akamwacha. Watu waliona mtu asiyejua anachoamua.

McCain naye mwaka 2008 alimtaka rafiki yake Joe Lieberman. Wahafidhina wakakataa kwa sababu aliunga mkono haki ya kutoa mimba. Zikabaki siku chache. Palin akachunguzwa mbio mbio, akatangazwa Agosti 29, mkutano unafunguliwa Septemba 1. Wafuasi walifurika, michango ikapanda. Kisha yakaja mahojiano ya televisheni, na maswali mepesi ya sera yakamshinda. Kwa kipimo cha Mwalimu, alimtuliza kila mtu nyumbani. Ila hakuna aliyekuwa na muda wa kumpima kwa maswali yale kabla ya watangazaji.

Na msidhani kwetu mwenza ni jina la pili tu. Oktoba 2005 mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kupiga kura, na uchaguzi wa Muungano nchi nzima ukasogezwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14. Zanzibar wao wakachagua rais wao Oktoba 30 kama kawaida. Karatasi zilikwishachapwa.

Mwalimu wa Mikindani

Bi. Ndanda nakubali la 1976, narekebisha: pengo lizibwe baada ya kushika uteuzi, si kabla. Karani nakubali yote. Mzee, Pemba umenipata.

Ila Vance bado hamjamweleza. Mwaka 2024 Trump hakuwa na pengo la nyumbani, chama chote kilikuwa chake. Kwa kanuni yangu alitakiwa kwenda nje, achukue mtu wa kuwapoza wanawake wa vitongoji vya miji au watu wa katikati. Hakwenda. Na akashinda kwa kura 312. Sasa ama kanuni ni mbovu, ama alishinda licha ya mwenza.

Bi. Ndanda

Ni kwamba pengo alilokuwa analitazama yeye si la wapiga kura. Pence aliletwa kuwatuliza watu wa kanisa na alifanya hivyo miaka minne. Ilipofika Januari 6, 2021 aliombwa akatae kura za baadhi ya majimbo wakati wa kuhesabu bungeni, akasema Katiba haimpi uwezo huo. Mwenza mwenye watu wake mwenyewe anaweza kusimama peke yake. Mwenza asiye na watu hawezi, na Trump alikuwa ameonja. Mwaka 2024 alichagua kwa kumbukumbu ya siku ile.

Halafu kuna Marekebisho ya 22. Mtu akichaguliwa mara mbili amemaliza. Trump alipokuwa anachagua 2024 alikuwa anachagua anayerithi chama, kitu ambacho Reagan 1980 hakuwa na haja ya kukiwaza hadi miaka minane baadaye.

Mzee wa Newala

Hapo nakupinga kidogo, bibi. Mrithi asiyekuwa na watu wake anarithi jina, watu wanabaki na marehemu wao. Bush mkubwa alishinda 1988 kwa sababu alikuwa na mtandao wake wa zamani, Reagan akauongezea. Dan Quayle alikuwa makamu wa Bush huyo miaka minne, akajaribu mchujo wa 2000, alijitoa kabla haujaanza.

Kijana wa Chuno

Sawa nimekubali si chumvi kwenye chai. Basi niulize: Vance akigombea mwenyewe 2028, mwenza wake awe nani?

Wakili wa Lindi

Jina sitaji. Ila asiwe mtu wa Ohio. Zile ni kura 17, na safari hii hakuna mshenga wa kuhamia Wyoming.