Pweza na konokono ni ndugu kivipi? Mbona hawafanani hata kidogo

mdadisi77
Wakuu habari zenu. Nimekuwa nasoma mambo ya wanyama nikafika kwenye moluska nikakwama. Eti konokono, chaza, ngisi na pweza wote kundi moja. Sasa pweza gamba hana, mikono minane, akili mpaka anafungua chupa, halafu chaza hata kichwa hana. Undugu unatoka wapi hapo? Na ukiacha kuliwa, wana kazi gani huko majini?

Kombe_Kavu
Mkuu, gamba ndo linakuchanganya, liweke pembeni kwanza. Angalia mguu, joho na lile fungu la viungo vya ndani. Mguu ni ile nyama anayotambalia konokono, kombe anautumia kuchimba mchanga, na kwa pweza huo huo mguu ndo ukageuka mikono pamoja na ule mrija wa kurushia maji. Joho ni ngozi inayofunika tumbo na ndiyo inayotengeneza gamba, ila kwa pweza na ngisi imekuwa mfuko wa misuli, anavuta maji ndani anayafyatua kupitia mrija, huyooo anarudi kinyumenyume. Gamba la ngisi lipo bado ila limeingia ndani limebaki kipande chembamba, na hata konokono wasio na gamba wengi wao ukiwapasua utakuta kabaki kadogo ka gamba.
Halafu kuna radula, ulimi wenye safu za meno madogo madogo kama tupa, konokono anakwangulia mwani kwenye mawe, pweza naye anayo. Chaza na kombe wameipoteza kabisa maana chakula wanachuja tu. Kuna konokono wa baharini, hao wa jamii ya koni, jino lao limekuwa mshale wa sumu, wanachoma samaki, na wengine wameshaua watu.

bi_tamvua
Umesahau damu kaka. Ya pweza ni ya bluu sababu inabeba oksijeni kwa shaba, sio chuma kama yetu, na mioyo anayo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua, mmoja wa mwili mzima. Huo wa mwili unasimama akiogelea, ndo maana anapenda kutambaa, kuogelea kunamchosha haraka. Neva nyingi pia ziko mikononi kuliko kwenye ubongo.
Kuhusu kazi, chaza mmoja mkubwa hali ikiwa nzuri anaweza kuchuja kama lita 190 kwa siku, na miamba yao inakuwa maficho ya samaki wadogo na inapunguza nguvu ya mawimbi.

Zege_la_Pwani
Tusisifie tu jamani. Kuna wale kome wadogo wenye mistari waliingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980 kwa maji ya meli, nao wanachuja kweli kweli, maji yakawa meupe, lakini chakula cha viumbe wengine ndo kikaisha na mabomba ya maji yakaziba. Na konokono wa maji baridi ndo wanaobeba kichocho, kijidudu lazima kipite kwake kwanza kizaliane humo ndo kitoke kije kutoboa ngozi ya mtu.

mdadisi77
Aisee asanteni. Swali la mwisho, konokono akikua anahamia gamba lingine?

Kombe_Kavu
Hapana, huyo anayehama ni aina fulani ya kaa, anaokota gamba la konokono aliyekufa. Konokono ameshikamana na lake kwa msuli, ukimtoa kwa nguvu anakufa. Joho linaongeza chokaa pale ukingoni mwa mdomo kidogo kidogo, kwa hiyo ile ncha ndo ya utotoni. Chokaa ikikosekana gamba linakuwa jepesi, na bahari zikizidi asidi kutokana na hewa ya ukaa wachanga wa chaza ndo wanaumia wa kwanza, wanashindwa kujenga gamba.

bi_tamvua
Na gamba likitoboka ukingoni analiziba mwenyewe, joho linapaka chokaa kwa ndani. Lakini likipasuka vibaya huku juu kwenye viungo, hapo mara nyingi haponi.