Ushauri: natafuta ukoo wa mama huko Ireland, jina linaandikwa kila namna

Kitukuu90: Habari wakuu. Mama yangu ni Mmarekani wa Boston. Babu yake, James, alizaliwa Ireland 1867, ukoo wa Kilfoil. Mwezi mzima natafuta, sioni kitu. Naambiwa kumbukumbu zote ziliungua 1922. Nianzie wapi?

Fundi Saa: Si zote, mkuu. Moto wa Four Courts, jumba la Dublin lililotunza nyaraka za serikali, uliteketeza karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wosia na mengine mengi. Vizazi vya watu wote vilianza kusajiliwa 1 Januari 1864, na madaftari hayo yalipona. Yapo bure irishgenealogy.ie. Shida yako ni hiyo K. Kilfoil, Kilfoyle, Gilfoyle, Guilfoyle, zote zimetokana na Mac Giolla Phóil. Karani aliandika alivyosikia. Ingia FamilySearch, tovuti ya bure ya kutafuta ukoo, andika K*lfo*l*, kisha G*lfo*l*. Nyota inashika nafasi ya herufi zozote. Wengi watakutokea kaunti za Offaly na Tipperary.

Mama Paroko: Mimi ningeanzia kanisani. Madaftari ya Kikatoliki yako bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, ila ni picha tupu, unafunua ukurasa mmoja mmoja. James humo ni Jacobus, Kilatini. Ukikuta kabatizwa kabla ya kuzaliwa usishtuke: mzazi aliyechelewa kusajili alimtajia karani tarehe ya karibuni ili akwepe faini.

Chapati Mbili: Sema ukweli, unatafuta ukoo au pasipoti? 😂

Kitukuu90: Sawa, pasipoti. Wakala nimeshamlipa nusu, anasema babu wa mama anatosha.

Mama Paroko: Marehemu wa watu kageuzwa viza.

Fundi Saa: Mbona hilo hukulisema mwanzo? Babu huyo anampa haki mama yako. Wewe ungepata kama mama angekuwa ameshaingia kwenye daftari la Ireland la vizazi vya nje kabla hujazaliwa. Aliingia lini?

Kitukuu90: Hajaingia. Mimi ni wa 1990. Lakini wakala ana njia zake, na habari za babu tunazo kamili: alishuka Ellis Island, kile kituo cha wahamiaji New York, 1888, afisa akambadilishia jina.

Chapati Mbili: Chai hiyo! Ellis Island ilifunguliwa 1 Januari 1892.

Fundi Saa: Na majina afisa hakuyatunga, aliyakuta kwenye orodha ya meli.

Mama Paroko: Chai yaweza kuwa ya ukoo, mleta uzi kanyweshwa tu. Kijana, una cheti cha kifo cha James? Vya Massachusetts hutaja wazazi. Jina la ukoo wa mama yake ndilo litakalomtenga na akina James wengine.

Kitukuu90: Ninacho. Ila wamekosea, wameandika Gilfoil.

Fundi Saa: Na mwezi mzima ukawa unatafuta K.