Tupeane uzoefu: mtoto mdogo akitapika na kuendesha, nyumbani mnafanyaje?

Mama Thureya, Makorora
Asalaam aleikum wazazi wenzangu wa Tanga. Mtaani kwetu watoto wanatapika na kuendesha nyumba kwa nyumba. Wangu ameanza usiku, asubuhi choo kikawa maji matupu. Zahanati wamesema ni virusi, antibayotiki haitasaidia, wakanipa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini, na zinki. Jirani anashikilia nikanunue dawa kali dukani. Ninyi mlifanyaje, hasa mtoto anapotapika kila anachokunywa?

Bi Mwanahamisi, Ngamiani
Pole mwanangu. Mtoto mwenye kiu ukimpa kikombe atagugumia, kisha atakirudisha chote. Akitapika mimi nangoja kama dakika 10, ndipo naanza tena: kijiko cha chai kimoja cha ORS, napumzika kidogo, kingine. Ni kazi ya usiku kucha, mkono unakufa ganzi, lakini maji yanakaa. Soma pakiti ya ORS, zetu ni za lita moja kamili, maji yaliyochemshwa yakapoa. Usikadirie kwa jicho, chumvi ikizidi inamdhuru. Yakipita saa 24 mwaga, changanya mengine. Ziwa usimkatize.

Baba Swalehe, Chumbageni
Sisi kilichotushtua ni nepi kavu. Tangu asubuhi hadi alasiri hakukojoa, analia machozi hayatoki, macho yameingia ndani, mwisho akalegea hata akiitwa haitiki. Tulipanda bajaji moja kwa moja hadi hospitali ya Bombo, akatundikiwa dripu. Tafadhali, mkiona hivyo, au damu kwenye choo, au mtoto ameshindwa kunywa, msingoje kupambazuke.

Mama Mapacha, Pangani
Mkubwa wangu alizaliwa kabla ya 2013, chanjo ya rota, virusi vya kuharisha watoto, haijafika kliniki zetu, na alilazwa. Mapacha waliipata, yale matone ya mdomoni ya wiki ya 6 na ya 10. Waliendesha pia, maana virusi vya tumbo si rota peke yake, ila hawakufikia kulazwa. Angalieni kadi za watoto.

Muuguzi mstaafu, Raskazone
Wanangu, naomba tuache kuyasingizia meno kwamba ndiyo yanayoharisha. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na huko ndiko virusi vinakoingilia. Kinachoniuma zaidi ni watoto wanaopelekwa kung'olewa "meno ya plastiki". Hayo ni meno yao halali, bado machanga ndani ya ufizi; yakichokolewa kwa chombo kichafu mtoto anaweza kufa kwa maambukizi, na kuhara kwenyewe kuko palepale.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku, chini ya miezi 6 ni 10, na mmalize siku 10 hata choo kikishika. Dawa za watu wazima za kufunga tumbo msimpe. Aliyeanza kula apewe uji na wali laini. Ukimbadilisha nepi, nawa kwa sabuni na maji. Vitakasa mikono haviviwezi vizuri baadhi ya virusi hivi.

Mama Thureya, Makorora
Ahsanteni sana. Na ORS ikiisha usiku, maduka yamefungwa? Dafu linatosha?

Muuguzi mstaafu, Raskazone
Dafu lina chumvi kidogo mno, halishiki nafasi ya ORS. Lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Asubuhi fuata pakiti.