Mjadala: Stelingi wa kibanda umiza anaweza kukufundisha kuandika hadithi?

Mleta mada

Mwangaluka wadau. Kuna ubishi tuliuacha njiani Jumamosi, naomba tuumalizie hapa.

Tulikaa kikao karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, vijana kama kumi na wawili tunaojaribu kuandika hadithi. Aliyetuongoza, mtu mzima anayeheshimika, akamuuliza kila mmoja amejifunzia wapi kusimulia. Tulipoanza kutaja muvi na sizoni akakunja uso. Akasema ndiyo maana hadithi zetu zote zinaanza na risasi na kuisha na harusi. Anayetaka kuandika aweke simu pembeni, asome vitabu, na aanze na vya watu wa ziwa hili la Victoria. Nusu ya kikao ikapiga makofi, nusu ikaguna.

Mimi niliguna. Siku nne sasa neno lile halijanitoka kichwani, na nimejikuta sipo upande wake wala upande wa walioguna wenzangu.

Nimekulia Mabatini, kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kulipia kuangalia muvi. Picha zilikuwa za Kichina na Kihindi, na juu yake sauti ya DJ anayetafsiri. Tuseme ukweli: DJ alikuwa hatafsiri. Alikuwa anasimulia. Waliomsikia Lufufu wa Dar wanajua ninachosema. Kwenye picha, stelingi, yaani mhusika mkuu, anatembea barabarani dakika mbili, kimya, hakuna neno. DJ hawezi kunyamaza dakika mbili, watu wamelipa. Basi anakwambia jamaa huyu anadaiwa kodi, mkewe amerudi kwao, na viatu hivyo ameazima. Hayo yote kwenye picha hayamo. Lakini kibanda kizima tayari kinamhurumia, na adui akitokea mbele tunapiga kelele.

Sasa, kuna picha moja niliipenda kuliko zote, nimeiona labda mara ishirini. Mwaka jana nikakaa niandike kitu cha namna ile. Ukurasa wa pili nikakwama. Nikagundua picha niliyoiona mara ishirini siijui. Nilijua stelingi hafi, hilo kila mtu analijua. Sikujua kwa nini mimi, ninayejua kwamba hafi, bado nilikuwa naogopa. Kila nilipoiwasha niliingia ndani yake kama mtu anayeingia majini, na aliye ndani ya maji haoni mtumbwi umeundwaje.

Nikaizima sauti. Nikachukua daftari, nikahesabu. Kabla ya ugomvi wa kwanza, stelingi anadharauliwa mara nne. Kila mara na mtu tofauti, na kila mara yupo anayeshuhudia: mtoto, muuza chai, mchumba wake. Hadi ngumi ya kwanza inarushwa, sisi ndio tunaoidai.

Nikafanya hivyo hivyo na riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, mtu wa Namagondo, Ukerewe hapo. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye ikarudi kufundishwa. Shuleni niliisoma kwa ajili ya fani na maudhui, nikafaulu, nikasahau. Safari hii, na penseli mkononi, nikaona yanayompata Rosa akiwa mbali na nyumbani yameshapandwa nyumbani, kwenye ukali wa baba yake Zakaria. Mwandishi hakukwambia. Amekuachia uunganishe mwenyewe.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: muvi au kitabu, mara ya kwanza umestarehe tu. Unajifunza ukirudi na kalamu. Nipingeni.

Mzee wa Kamanga

Mkuu, umeandika vizuri ila hapo kwenye kuhesabu umenipoteza. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa chuo. Nilimjua muuza mahindi pale, darasa la nne tu, akianza kisa madereva wanashuka kwenye magari. Alikuwa hahesabu kitu. Alikuwa anatazama nyuso. Akiona mtu anageuza shingo kuangalia kivuko, anabadilisha sauti au anamwingiza nyoka kwenye kisa. Penseli yako haina macho ya kuona shingo ya mtu.

Stelingi Hafi

Naunga mkono muuza mahindi. Hao wa vitabu waje kibandani siku ya mechi waone kama wana wasikilizaji.

Mwalimu, Sengerema

Ndugu mleta mada, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nakiri kosa letu. Tunawafundisha watoto kutaja muundo, mtindo, wahusika na mandhari kama mtu anayesoma orodha ya vipuri, halafu hakuna siku tunayowaambia waiwashe injini. Hapo umetusema kwa haki.

Lakini dharau zako nne zinanitia wasiwasi. Kesho utaandika hadithi ya dharau nne, keshokutwa jirani yako naye dharau nne, na tutarudi kulekule kwenye risasi na harusi. Aliyewaambia muanze na vitabu vya ziwa hili alikuwa na sababu, hata kama aliisema kwa ukali.

Chukua Aniceti Kitereza, Mkerewe. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakaa miaka bila mchapishaji. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Kisa chenyewe: Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Ngumi hakuna, bunduki hakuna. Mwandishi anakukalisha kwenye kazi za shamba, adabu za ukweni, namna ya kuombana na kujibizana, mpaka unaanza kuzijua kama za kwenu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, humu hakuna adui." Nikamwambia adui yumo, ni ndizi. Ndizi zina siku zake za kuiva na pombe ina siku zake za kuchacha, hata uwe na haraka namna gani na mkeo yuko kwao. Wasiwasi uko kwenye kungoja. Muvi za kukimbizana haziwezi kukufundisha hilo kwa sababu zenyewe hazijui kungoja.

Stelingi Hafi

Mwalimu, kwa heshima zote, bando langu haliwezi kusubiri ndizi ziive.

Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Nyegezi

Mwalimu, muvi zinajua kungoja, inategemea unaangalia zipi. Mimi nataka kuleta jambo lingine. Tunazungumza kama vile kujifunza kutoka kwenye filamu ni kujifunza mazuri tu. Hapa Mwanza tuna somo letu wenyewe: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ile inayoitwa filamu ya mapanki. Ilipigwa hapahapa, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaipinga hadharani. Niliiangalia mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili niliangalia mkasi tu, yaani nini kimewekwa baada ya nini.

Ndege inatua. Minofu ya sangara inaondoka kwenda Ulaya. Mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki yanakaangwa. Watoto wa mtaani. Ndege tena. Swali la kama ndege hizo huja na silaha linarudi na kurudi, ingawa hakuna mahali unapoziona silaha zikishushwa. Huhitaji kuziona, kichwa chako kimeshazishusha. Zamani huko Urusi, Lev Kuleshov alionyesha kitu hicho: uso uleule wa mwigizaji, ukifuatiwa na bakuli la supu watazamaji wanaona njaa, ukifuatiwa na jeneza wanaona huzuni. Uso haujabadilika hata kidogo.

Sisemi kila kitu mle ni uongo. Umaskini ulikuwepo, mapanki yalikuwepo. Nasema nimejifunza zaidi kupanga matukio kutoka kwenye filamu nisiyoipenda kuliko kutoka kwenye zote ninazozipenda, kwa sababu hasira ilinifanya niwe macho.

Mama wa dagaa, Mwaloni

Wanangu, mapanki tumekula na tumesomeshea watoto. Yule mzungu kusimulia alijua, simnyimi sifa yake. Ila alichukua picha ya sufuria hakuuliza mchuzi una ladha gani. Mkijifunza kwake jifunzeni na hilo.

Na wewe wa penseli. Sisi tukianika dagaa tunapiga hadithi kutwa. Hadithi hadithi, hadithi njoo. Kisa kimoja akikisimulia mama fulani tunacheka, akikisimulia mwingine tunasinzia, na kisa ni kilekile. Ukitaka kujua tofauti usimhesabie. Kisimulie wewe, kesho yake kisimulie tena, tutakwambia.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Hilo la kusimulia tena limenikamata, kwa sababu ndilo alilokuwa akifanya DJ. Picha ileile anaionyesha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumatatu anasema viatu ameazima, watu kimya. Jumanne anasema viatu ni vya marehemu baba yake, kibanda kinaguna. Jumatano vinabaki vya baba. Nimekaa vibandani miaka yote hiyo nikidhani nilikuwa naangalia stelingi, kumbe mwalimu alikuwa amekaa pembeni na maiki.

Mwalimu, kuhusu dharau nne umenishika. Jana nimefungua daftari langu: hadithi tatu, dharau nne, nne, tano. Ile ya tano nilidhani nimebuni. Lakini sikubali uitupe hesabu yote. Bila kuhesabu nisingeona kwamba kila dharau ina shahidi, na shahidi ndiye aliyenifanya nione aibu. Namba nitaiacha, shahidi namchukua.

Mzee wa Kamanga, yule muuza mahindi sasa yuko wapi? Foleni imekwisha.

Mzee wa Kamanga

Sijui mkuu. Magari yanapita tu siku hizi.

Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Nyegezi

Napendekeza Jumamosi tusibishane tena. Kila mmoja aje na kisa kutoka kwenye kitabu au filamu anayoipenda, akisimulie kwa dakika tano bila kutaja jina lake. Mama wa dagaa aje awe hakimu. Atakayefanya watu watoe simu mfukoni amefeli.

Mama wa dagaa, Mwaloni

Nitakuja mchana, asubuhi nina mzigo.

Mwalimu, Sengerema

Nitavuka na mimi. Kitereza ninacho, nakala moja tu, kurasa zimelegea. Mtakaoishika mfute mikono kwanza.

Stelingi Hafi

Mwalimu, samahani. Huyo mke alirudi au hakurudi?

Mwalimu, Sengerema

Jumamosi.