Kalamba kidole gumba akafuta alama kwenye ndege, halafu mnoko ni mimi!

Wakuu, viongozi wa jukwaa msiunganishe uzi huu na ule wa mabegi kupotea. Nimetoka shifti sasa hivi, sijavua hata reflekta, nipo kibandani Pasiansi na chai imepoa mbele yangu kwa hasira.

Yule bwana mnamjua. Aliyewahi kubeba begi uwanja wa Mwanza hawezi kuuliza ni nani. Yule wa filimbi, mwenye sauti ya kuamsha viboko kule Igombe.

Leo mchana ndege ya Dar imeegeshwa, rubani msaidizi kashaizunguka, kaangalia matairi, injini na mabawa, kaingia zake ndani. Ndipo gari la mkanda wa mizigo likarudi nyuma, kdu! Ubavuni, jirani na mlango wa mizigo. Dereva ni yeye. Akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, AKALAMBA KIDOLE GUMBA akafuta. Kama mama anavyomfuta mtoto uji mdomoni. Mate! Kwenye ndege ya watu!

Nikamwambia kistaarabu, "Kaka, tumwite injinia." Akanijibu, "Rubani kashakagua. Wewe ni wa mabegi, ya mabawa waachie wenyewe."

Kakagua KABLA hujaigonga, wewe mtu! Ataonaje ambacho hakijatokea? Na hata angezunguka tena, ule ukaguzi ni macho na tochi, dakika chache, anatazama kutoka chini. Hana jicho la kuona ndani ya bati. Anategemea sisi tuliokuwepo tuseme.

Nikamwita injinia mwenyewe. Akapima mbonyeo urefu na kina, akafungua kitabu cha vipimo, akaandika, akasaini. Ukawa ndani ya kiwango, ndege ikaondoka, imechelewa saa moja na nusu. Basi yule bwana, abiria wanapanda ngazi, akapaza sauti: "Mnoko aliyewachelewesha huyu hapa!" Mama mmoja akanisonya. Miaka tisa nabeba mizigo sijawahi kusonywa!

Kwamba uko ndani ya kiwango tumejua kwa rula. Siyo kwa mate yake!

Sangara_Mbichi: Punguza jazba mkuu. Hiace yangu ya Buhongwa haina bampa tangu mwaka juzi na inapiga tripu kama kawaida.

Fundi_Faiba: Sangara, hiace yako haipandi mawinguni. Mimi naunda boti za faiba hapa Kirumba. Boti ikigonga jiwe, nje unaiona nzima, ndani matabaka yameachana. Nagonga na sarafu: pazima panalia, palipoachana panatoa sauti bubu. Nilidhani ni ujanja wa mwaloni, mpaka mdogo wangu aliyesomea ndege akaniambia nao hugonga hivyohivyo, kisha wanapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Boeing 787, kama nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni na gundi za namna hiyo. Hapo rubani azunguke na tochi mpaka kuche.

Dada_wa_Nyakato: Ila ndege ya mleta uzi ni ya pangaboi, bati tupu. Bati likigongwa si linaonekana? Mleta uzi anatafuta cheo huyu.

Mleta uzi: Dada, hilohilo bati! Seattle, Marekani, tarehe 26 Desemba 2005, ndege aina ya MD-83. Gari la mizigo liliigonga, mhusika akanyamaza. Ilipofika kama futi 26,000 ubavu ukapasuka, tundu la kama sentimita 30, barakoa za hewa zikadondoka. Walirudi wakatua salama, namshukuru Mungu. Na Peru, Oktoba 1996: waosha ndege waliacha tepu juu ya matundu ya kupimia shinikizo la hewa, rubani akaizunguka usiku asiione. Vipimo vikawadanganya mpaka wakaingia baharini. Watu 70, hakupona hata mmoja. Na huyu wetu KALAMBA KIDOLE!

Mzee_wa_Kamanga: Kanda hii tulizika watu 19 mwaka 2022 ndege ilipoingia ziwani Bukoba. Utani wa hiace uishie hapo. Kijana umefanya vizuri.

Sangara_Mbichi: Samahani mzee wangu.

Binti_Ilemela: Subiri, ni yule wa filimbi? Ndiye aliyezuia boksi langu la sato, eti linavuja! Halikuvuja, ilikuwa barafu.

Dada_wa_Nyakato: Barafu ikiyeyuka ndiyo kuvuja kwenyewe, mdogo wangu.

Binti_Ilemela: Halikuvuja! Na bado nikalipia kilo za ziada kwa maji ya barafu ambayo nilipofika Dar hayakuwepo. Maji yalienda wapi?

Mkwe_wa_Sengerema: Yalienda kwenye begi langu. Nilifika na suti ya harusi inanuka Kirumba nzima.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kalamba kidole, akafuta!

Mkwe_wa_Sengerema: Tumekuelewa mkuu, kalamba. Binti, hilo boksi ulifungiwa wapi? Nani atanilipia suti?